Maji ya Chini kwa Chini

Godoro lilikuwa limelowa tena. Shangazi alilibonyeza kwa kidole gumba, karibu na kiuno cha mumewe, akaona maji yakipanda na kuuzunguka ukucha. Akasonya.

"Wewe mtu mzima," alimwambia. "Kopo nimekuwekea hapo, mkono wa kushoto unafanya kazi, na bado unanifanyia hivi. Hata mtoto wa chekechea anajua kuita."

Mumewe alimtazama kutoka sakafuni. Tangu aanguke kutoka kitandani Shangazi alikuwa akimlaza chini, ili asipate pa kuangukia tena. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, mdomo, mkono na mguu, na maneno nayo yakaondoka na upande huo kama vyombo vilivyogawanywa vibaya kwenye talaka. Alichobaki nacho ni sauti nzito isiyo na umbo, na macho. Zamani alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kucheka mpaka bati litikisike, na mtaa mzima bado ulimwita Dereva, ingawa sasa hakuweza kuendesha hata kijiko. Alitoa ile sauti yake, akatikisa kichwa. Hapana.

"Hapana nini? Basi ni mimi niliyekojoa?"

Alimgeuza ubavu, goti lake likiwa nguzo mgongoni mwa mgonjwa, akakitazama kidonda alichokipata kwa kulala. Kilikuwa kimepanuka. Kingo zake zilikuwa nyeupe na zenye makunyanzi, kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa. Akamvuta hadi kwenye jamvi, akalikunja godoro ili alitoe juani. Hapo ndipo alipoinama akalinusa, kwa kuwa alitaka kujua kama litahitaji sabuni au jua peke yake litatosha.

Halikunuka mkojo. Lilinuka udongo, ule wa chini ya jiwe ambalo halijainuliwa siku nyingi. Akanusa upande wa pili. Udongo. Akamtazama mumewe, na mumewe akafumba macho kama shahidi aliyechoka kutoa ushahidi mbele ya hakimu kiziwi.

Shangazi alilibeba godoro akatoka nalo.

Nje kulikuwa kukavu kama ganda la karanga. Mvua ilikuwa imeshasahaulika, vumbi la barabarani limefanya majani ya miti yawe ya kijivu, na kuku walikuwa wakijichimbia kwenye kivuli midomo wazi. Ndani ya nyumba yake, sakafu ilikuwa inatoka jasho.

Mtaani walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu alilea watoto wa kaka zake mmoja baada ya mwingine, na wa kwake hakujaliwa. Alishona magodoro na mito ya sufi katika chumba cha mbele. Nyumba ilikuwa yao wenyewe, chini kabisa ya mteremko, na Dereva alikuwa ameijenga safari kwa safari: safari moja saruji, safari nyingine nondo, safari ya hasara hakuna kitu. Fundi aliyechimba msingi alizama mpaka mabegani akatoka na vumbi kwenye nyusi. Palikuwa pakavu. Hilo Shangazi alilikumbuka vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyempa maji ya kunawa uso.

Mabadiliko yalikuja kwa adabu. Kwanza rangi ilivimba ukutani karibu na sakafu, ikafanya malengelenge, na ukiyatoboa yanamwaga unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Kisha mlango wa chumbani ukanenepa, ukakataa kufunga. Misumari ya meza ya kushonea ikalia machozi ya kutu. Halafu mstari wa unyevu ukaanza kupanda ukutani taratibu, vifundoni, miguuni, mpaka magotini, kama mtu anayevuka mto akiwa na mashaka.

Kila aliyeuona alikuwa na maelezo yake. Jirani wa kushoto alisema paa linavuja, ingawa hapakuwa na mvua ya kuvujishwa. Jirani wa kulia alisema ni jini, akataja na mtaalamu wa kumtoa. Mtendaji wa mtaa, mtu aliyevaa tai hata siku ya kufagia mitaro, alisema, "Mnaoga sana."

Wateja wao hawakuhitaji maelezo. Mama mwenye duka la vitambaa alirudisha mito yake yote aliyoiagiza, akaimwaga kizingitini.

"Shangazi, mimi na wewe tumetoka mbali, sitakuficha. Nimeulalia mto wako, asubuhi mume wangu ananiuliza kama nimekula chura."

"Sufi imepata unyevu kidogo tu, mwenzangu. Nitaianika."

"Anika na nyumba," alisema yule mama, na hakurudi. Wengine hawakuja hata kurudisha. Walipita upande wa pili wa barabara, wakiwa na haraka ambayo hawakuwa nayo kabla ya kufika pale.

Aliyemwambia ukweli alikuwa dereva wa gari la majitaka. Mtaa ulimwita Manukato. Aliwahi kuwa utingo wa Dereva enzi za lori, na kwa heshima hiyo alikuja kunyonya choo chao kabla ya vyoo vya watu wengine. Siku hiyo aliteremsha mpira shimoni, mashine ikanguruma kidogo, akaizima. Akauvuta mpira, akatazama kilichokuwa kikidondoka.

"Shangazi, hiki choo si nimekinyonya juzi tu hapa?"

"Ndiyo hiyo juzi."

"Kimejaa pomoni. Na tazama kimejaa nini." Alichota kwa kopo akamwonyesha. Maji yalikuwa karibu kung'aa. "Nyumba ya watu wawili, na mmoja hafiki hata chooni. Haya hamkuyaleta nyinyi. Haya yanakuja kwa chini. Nikiyamaliza leo, kesho yamerudi na ndugu zake. Nitakuwa nanyonya ziwa kwa mrija."

"Yanakuja kutoka wapi?"

Manukato alifuta mikono kwenye suruali, akainua macho kuelekea juu ya mteremko, kisha akayateremsha haraka kama aliyechungulia bafu la watu.

"Mimi nina watoto, Shangazi," alisema. "Chukua kipande cha nailoni, kitandaze sakafuni, kibane pembe zote hewa isipite. Kiache kilale. Ukikuta maji juu ya nailoni, hiyo ni hewa ya nyumba. Ukiyakuta chini yake, utajijibu mwenyewe."

Kule juu hakukuwa na fumbo. Kulikuwa na ukumbi wa Diwani. Kabla ya ukumbi palikuwa na korongo dogo na mtaro wa mawe, wa tangu enzi za wazee, ambao ulichukua maji yote ya kilimani na kuyapeleka mtoni. Diwani aliujaza mtaro kifusi, akashindilia, akajenga juu yake ukumbi wa sherehe wenye nguzo nyeupe zilizojipanga kama meno ya bandia. Mbele akaweka bustani ya nyasi iliyomwagiliwa asubuhi na jioni, na chemchemi ya saruji yenye samaki wawili wanaotemeana maji, ambapo maharusi walisimama kupigwa picha. Mtaa mzima ulikuwa umeshuhudia malori ya kifusi yakipanda. Mtaa mzima ulikuwa umepunga mkono.

Shangazi alitandaza nailoni pembeni mwa godoro. Kesho yake asubuhi, kabla hajawasha jiko, alipiga magoti akaibandua. Upande wa juu ulikuwa mkavu. Upande wa chini ulikuwa umejaa matone manene, yaliyobanana kama mayai ya samaki, na alipouinua yalitiririka yakamlowesha kiganja hadi kwenye kiwiko.

"Tazama," alimwambia mumewe, akamsogezea nailoni usoni. "Tazama!"

Dereva alitazama. Mdomo wake, ule upande uliobaki hai, ulianza kutetemeka.

"Haya, nimekusingizia," alisema Shangazi, kwa ukali uleule aliokuwa akimkaripia nao, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine karibu. Akachukua ncha ya kanga, akamfuta machozi na mate kwa pamoja. Kisha akaenda kubandika uji, na akasimama mbele ya jiko muda mrefu bila kukoroga.

Alikwenda ofisi ya manispaa mpaka mlinzi wa getini akaanza kumwita mama mkwe. Mhandisi alikuwa kwenye kikao. Mhandisi alikuwa nje ya ofisi. Mhandisi alikuwa ndani ya ofisi lakini hakuwa ofisini. Hatimaye walikuja watu watatu kwa mpigo, Mhandisi, Mtendaji na Diwani mwenyewe, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umekaribia na Diwani katika majira hayo alipenda sana kuingia kwenye nyumba za watu.

Ila hakuingia. Alisimama kizingitini na viatu vyake vyeupe, kitambaa puani, akisema pole, pole sana, huku akimtazama Dereva kama watu wanavyotazama nyama iliyokaa siku nyingi buchani.

Mhandisi aliingia. Alikuwa kijana mwembamba, msafi, na alijua kazi yake. Alikwangua plasta kwa ufunguo, akaulamba ule unga mweupe. Alipiga sakafu kwa kisigino mahali pengi, akasikiliza. Alikwenda kuchungulia choo akarudi. Uso wake ulichangamka kama wa mwanafunzi anayekuta mtihani umetoa swali alilolisoma.

"Haya ni maji ya ardhini," alisema. "Usawa wake umepanda. Unaona mstari huu, na hii chumvi? Nyumba haivuji, inanyonya kutoka chini kama utambi. Kwa hiyo kuna mahali huko juu ambapo njia ya maji imeziba, na..."

Diwani alikohoa. Hakukohoa kwa nguvu. Alikohoa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mdomo wa Mhandisi ulibaki wazi. Dirisha la chumba kile lilitazama kilimani, na ndani ya fremu yake zilionekana nguzo nyeupe, zote.

"Imeziba," Diwani alimsaidia kwa upole, "au kuna maji yanamwagwa?"

"Inawezekana pia yanamwagwa," alisema Mhandisi.

"Mgonjwa anaogeshwa wapi, mama yangu?"

"Humu humu. Ndoo moja," alisema Shangazi. "Ndoo moja, mheshimiwa. Ndiyo iloweshe nyumba nzima, ijaze choo, ivuke iende kwa jirani?"

"Maji ni kitu cha ajabu. Hayana chama. Yanakwenda yanakotaka."

"Hayana chama, lakini yana mwenyewe."

Mtendaji alijishughulisha na fundo la tai yake. Kisha Diwani akacheka, kicheko kikubwa cha jukwaani, akamgeukia Mtendaji. "Mama ana maneno matamu huyu! Mpeni elimu ya matumizi bora ya maji."

Elimu ilikuwa bango lenye picha ya bomba linalodondosha, na maandishi makubwa: KILA TONE LINA THAMANI. Mtendaji alilibandika ukutani kwa mikono yake. Kabla hawajafika kwenye gari, gundi ilikuwa imeachia, bango likajilaza sakafuni uso chini.

Shangazi hakulia. Alichukua jembe. Alianza kuchimba nyuma ya nyumba, upande wa mlima, mtaro mwembamba uliozunguka kona na kushuka hadi barabarani, na kila alipopiga jembe shimo lilijibu kwa maji, safi na ya baridi, kana kwamba yalikuwa yakisubiri kufunguliwa tu. Jirani wa kulia, yule wa jini, alimtazama kwa muda kupitia dirishani. Halafu akatoka na koleo la mumewe, akaanza kuchimba upande wake bila kusalimia.

"Na jini je?" aliuliza Shangazi.

"Acha naye azikwe," alisema jirani, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi wanawake wale wawili wakacheka mpaka wakashikilia mipini ya zana zao.

Mtaro ulifanya kazi. Hakuna aliyemwambia Shangazi utafanya kazi, na labda ndiyo maana alikuwa akiamka na kugusa sakafu kama mtu anayepima homa ya mtoto. Saruji ilianza kupauka katikati ya chumba, duara dogo, kisha duara kubwa. Kidonda cha Dereva kikakauka kingo. Jioni moja jirani alileta mto, mmoja tu, akaomba ubadilishwe sufi, na Dereva alipoona mkewe anakaa tena kwenye kigoda chake na sindano mdomoni, alitoa sauti ndefu kutoka kifuani. Ilikuwa kicheko. Kilitoka kibovu, kama injini iliyolala muda mrefu, lakini kilikuwa kicheko.

Tatizo lilikuwa kwamba barabara ile ndiyo iliyopanda kwenda ukumbini. Jumamosi ulipita msafara wa harusi, magari yamepambwa maua na honi zinapasuka, na gari la bibi harusi likakanyaga maji ya Shangazi, likajirushia tope mpaka kwenye vioo.

Jumatatu waliletwa askari wa manispaa na lori la kifusi. Mhandisi alikuwepo, amevaa kofia ngumu, ingawa hapakuwa na kitu juu yake isipokuwa anga.

"Nani ameruhusu maji haya yaje barabarani?" aliuliza mkubwa wa askari.

"Hayakuomba ruhusa yalipoingia kwangu," alisema Shangazi.

"Sheria inakataza mtu kutiririsha maji kwenye barabara ya umma."

Shangazi alimpita askari, akamwendea Mhandisi. "Mwanangu, wewe umesoma. Sheria inasemaje kuhusu kuyatiririsha chini ya vitanda vya watu?"

Mhandisi alifikiri. "Hiyo haimo," alisema. Hakuwa anatania.

Kifusi kilimwagwa. Askari walikishindilia kwa buti, wakienda na kurudi juu ya mtaro kama watoto wanaocheza gwaride. Shangazi alipoingia mtaroni na kukaa, walimnyanyua kwa makwapa bila chuki yoyote, kama watu wanaohamisha gunia, wakampakia. Alipiga kelele kwamba ana mgonjwa ndani. Mkubwa wa askari akasema ofisini kuna utaratibu wa kutoa taarifa za wagonjwa. Jirani wa kulia alikuwa dirishani. Macho yao yalipokutana, akavuta pazia.

Walimkalisha kwenye benchi la ofisi ya manispaa tangu asubuhi hadi wafagiaji walipokuja kuinua viti. Hakuna aliyemhoji. Ilikuwa ni kumkalisha tu. Aliporudi, jua likizama, alimkuta Dereva hayupo juu ya godoro. Alikuwa amejiburuta kwa mkono wa kushoto mpaka mlangoni, na nyuma yake sakafuni palikuwa na alama pana, ya maji na ya ngozi ya mgongo wake. Katikati ya chumba, pale palipokuwa pamepauka, saruji ilikuwa nyeusi tena.

Baada ya hapo mambo hayakuwa na haraka, maana maji hayana haraka. Mvua zilipoanza, kona ya nyuma ya nyumba ilizama. Ufa ulifunguka ukutani, kwanza wa kupitisha sindano, kisha wa kupitisha mkono. Mhandisi alirudi na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya mkasi, ile ya nyumba za kubomolewa, kwenye ukuta wa mbele, mistari miwili safi, iliyonyooka.

"Ni kwa usalama wenu," alisema.

"Na fidia?"

Alilitazama kopo lake. "Mama, fidia hapa haipo. Nyumba hii imejengwa kwenye njia ya maji."

"Sisi hatukujenga kwenye njia ya maji," alisema Shangazi. "Njia ya maji ilihamia kwetu tukiwa ndani."

Mikono ya Mhandisi ilikuwa na rangi, akawa anatafuta mahali pa kuifutia, na hakukuwa na kitu kikavu.

Tingatinga halikupata kazi kubwa. Liliegemea tu, nyumba ikakaa chini.

Walihamia kwa mdogo wake Shangazi, upande wa pili wa mji, kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba. Shemeji alisema karibuni siku ya kwanza. Siku ya pili alisema karibuni akiwa anatazama redio. Baada ya hapo neno hilo lilimwishia, na kila alipopita kwenda chooni aliiruka miguu ya Dereva huku akipumua kwa pua. Shangazi alishona mito kwa mkono, mgongo ukutani, sufi ikimwingia mdogo wake puani na kumpigisha chafya ambazo wote wawili walijua si za sufi tu.

Huko ndiko Mtendaji alikowafuata, na tai yake.

"Nimeleta habari njema," alisema. "Mradi wa mtaro mpya wa mtaa umekamilika. Wakubwa wanakuja kuuzindua, na waathirika wote mmealikwa. Watakaohudhuria ndio watakaofikiriwa katika ugawaji wa viwanja."

"Watafikiriwa, au watapewa?"

"Kufikiriwa ndiyo hatua ya kwanza, mama."

"Na ya pili?"

"Hiyo itategemea ya kwanza imekwendaje."

Shangazi alikuwa na jibu, tena zuri, lilimfika mpaka kwenye ulimi. Kisha akasikia shemeji yake akikohoa chumbani, akalimeza. Siku ya uzinduzi alimnyoa mumewe ndevu, akamvalisha shati alilolipiga pasi, na Manukato akawachukua kwenye lile gari lake, Dereva amekaa mbele kwa mara ya kwanza tangu augue, akiitazama barabara kwa jicho la mtu anayejua kazi.

Mtaro ulikuwa mzuri. Lazima haki isemwe. Ulikuwa wa zege, mpana, wenye kingo zilizopigwa lipu laini. Ulianzia nyuma ya ukumbi wa Diwani, kwenye uwanja mpya wa kuegesha magari ambao nao, ilisemekana, ulikuwa umeanza kutitia. Ukateremka kilimani kwa mstari ulionyooka kama rula, ukapita kati ya jirani wa kushoto na jirani wa kulia. Shangazi alihesabu hatua kutoka ukuta wa jirani ili ajue. Hapa palikuwa mlango. Hapa palikuwa meza ya kushonea. Maji yalipita katikati ya chumba cha kulala, kwa furaha, yakienda zake mtoni.

Mahema yalikuwa yamefungwa, viti vimevishwa vitambaa. Mhandisi alipewa kipaza sauti kwanza.

"Maji ya ardhini katika eneo hili," alisema, "yamekuwa tatizo la muda mrefu. Usawa wake ulipanda kutokana na kuziba kwa njia za asili." Alisoma kutoka kwenye karatasi, na hakuinua uso hata mara moja.

Diwani hakuwa na karatasi. "Nilifika mwenyewe!" alisema. "Sikutuma mtu. Niliingia kwenye nyumba za wananchi wangu, nikaona kwa macho yangu mawili watu wanalala kwenye maji. Nikasema, hapana! Haiwezekani!" Makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. "Na leo sitakata utepe mimi. Nani kasema utepe ni wa wakubwa? Atakata mnufaika mwenyewe!"

Vijana wawili walikuwa wameshakishika kiti alichokalishwa Dereva kabla Shangazi hajainuka. Walikibeba juujuu, wakakiweka kwenye ukingo wa mtaro, mbele ya utepe mwekundu. Mtendaji akaleta mkasi kwenye sahani, juu ya kitambaa cheupe.

"Huo mkono haufanyi kazi," alisema Shangazi, akijipenyeza kati ya watu. "Mheshimiwa. Mpeni wa kushoto. Wa kulia haufanyi kazi."

"Wa kulia ndio wa heshima, mama," alisema Diwani akitabasamu upande wa kamera. Aliunyanyua mkono wa kulia wa Dereva, akavivisha vile vidole kwenye matundu ya mkasi, kimoja kimoja, kama mtu anayemvisha mtoto kiatu. Kisha akaufunika kwa mkono wake mwenyewe, akabana. Utepe ukaanguka pande mbili. Watu wakashangilia. Dereva alitoa ile sauti yake, nzito, isiyo na umbo, na Diwani akainama kwenye kipaza sauti akasema, "Mzee anashukuru!"

Shangazi alikuwa amefika sasa nyuma ya kiti. Aliweka mkono begani kwa mumewe, akahisi jinsi bega lilivyokuwa gumu.

"Samahani, mheshimiwa," mpiga picha aliita kutoka ng'ambo ya mtaro. "Jua lilikuwa nyuma yenu. Nyuso zote zimetoka nyeusi. Turudie."

Mtendaji aliokota ncha mbili za utepe, akazifunga fundo, akaukaza tena kwenye vijiti vyake. Wageni walirudi kwenye nafasi zao. Mtu mmoja alimwomba Shangazi asogee kidogo, anaharibu picha. Diwani alikuwa bado hajauachia ule mkono.